Bwana Harusi na Warembo Watatu

Jumatatu, 3 Machi

Mke wangu ametoa amri. Samaki wasipozaa kufikia Jumapili, tangi linatoka sebuleni na meza inakuwa ya cherehani yake. Amesema hayo mbele ya mama mkwe, ambaye nilishamwahidi kwamba nitauzia mtaa mzima vifaranga vya samaki wa upinde wa mvua. Aibu gani hii!

Nimewachunguza wote sita. Wanne wanameta, mapezi marefu yenye ncha. Wawili wamefifia, wembamba, mapezi mafupi ya mviringo. Jambo liko wazi: uzuri ni wa kike. Ila mmoja kati ya wanaometa ana mgongo ulioinuka na tumbo la kitajiri. Huyo ndiye bwana harusi. Wale waliofifia ni madume goigoi, wanakula bure.

Jumanne, 4 Machi

Nimempa kinyozi jirani yetu wale goigoi. Ana samaki mmoja tu kule kinyozini, anayemeta, na wateja wanamsifu hadi wanasahau kunyolewa. Alinishukuru karibu alie. Wahenga walisema mjinga akierevuka mwerevu yu mashakani. Huyu hana dalili ya kuerevuka.

Alhamisi, 6 Machi

Kumbe hawa hutaga kwenye nyuzi! Nimekata sufu ya mke wangu, aliyokuwa akimfumia mtoto wa dada yake sweta, nikaining'iniza majini. Asubuhi warembo waliwaka rangi, wakafukuzana tangi zima. Wivu wa wake wenza huo! Bwana harusi kang'atwa pezi. Pole, ndugu yangu, ndoa ndivyo ilivyo.

Mke wangu kauliza sufu imekwenda wapi. Nikasema panya. Hakuamini.

Jumamosi, 8 Machi

Hakuna yai hata la dawa.

Kinyozi kaja mbio, mikono ina povu: mimea ya ndani ya tangi lake imejaa mayai! Nikampongeza huku roho inaniuma. Halafu akaanza kunifundisha. Eti wanaometa ndio madume, waliofifia ndio majike. Eti hata jogoo humshinda kuku jike kwa madaha. Nikamcheka usoni. Samaki na kuku wapi na wapi? Akasema atanirudishia jike mmoja, bure, anisaidie kuokoa meza.

Jumapili, 9 Machi

Mke wangu na mama mkwe wamebeba tangi wenyewe hadi jikoni, kando ya sinki. Cherehani inanguruma sebuleni. Nimeumia, sitaficha.

Kinyozi akabisha hodi na samaki wake ndani ya mfuko. Kafifia vilevile! Mke wangu akanisihi nimpokee, akasema jirani ana moyo mzuri. Masikini, huyu mwanamke anadanganyika upesi. Nilimrudisha kinyozi na mfuko wake kutoka mlangoni. Mtu mzima nitupiwe goigoi nililolitupa mwenyewe?

Usumbufu wote umetokana na uchache wa wake. Kesho naenda dukani kununua warembo wengine wanne, na safari hii nachagua wale wanaometa zaidi.