Kaka Yangu Atateuliwa, Watake Wasitake

Jumatano, 22 Aprili

Nimeamua. Kaka Markian atateuliwa Jumanne ijayo, klabu zitake zisitake.

Naliandika hili kabla halijatokea ili baadaye mtu asije akasema ilikuwa bahati. Mwalimu wetu, Bi. Oleskiw, anasema mwenye shabaha huiandika kwanza. Shabaha yangu ni hii: klabu tisa za futiboli ya Kanada, ile ya kofia ngumu na mpira wenye ncha mbili, raundi nane za kuchagua wachezaji wa vyuo vikuu, na kijana mmoja kutoka Vesna, Saskatchewan.

Tatizo ni kwamba kaka ni mrushaji. Anainama, kichwa chini, anaurusha mpira kwa nyuma kupitia katikati ya miguu yake hadi kwa mpigaji anayeupiga kwa mguu, kisha majitu mawili yanamgonga kichwani. Ndiyo kazi yake yote. Akiifanya vizuri, hakuna anayemwona. Akikosea mara moja, uwanja mzima unalijua jina lake. Hajakosea misimu minne. Kwa hiyo hajulikani kabisa!

Na ameshaapa. Simu isipolia siku ya uteuzi, anatundika viatu na kuanza kazi kwenye bohari ya nafaka mjini. Baba alimwambia hakuna aliyemfukuza uwanjani. Kaka akajibu kwamba mtu wa miaka ishirini na mbili hawezi kuendelea kula perogi za mama yake, vile viandazi vya viazi, kwa mkopo wa ndoto. Nilitaka kurusha sahani. Sikuirusha. Ilikuwa na perogi.

Mimi ndiye ninayempokelea mipira tangu nilipokuwa darasa la pili, ndani ya banda la mashine, majira yote ya baridi. Kidole changu cha kati kimepinda kwa ajili ya mipira yake. Kidole hiki hakikupinda bure. Sikubali!

Leo nimetuma video kwa klabu zote tisa. Mirusho yake yote ya msimu uliopita, mmoja baada ya mwingine. Nitalala kwa raha.

Ijumaa, 24 Aprili

Balaa.

Leo nimeitazama video yangu kwa makini, jambo ambalo ningepaswa kulifanya kabla ya kuituma. Kaka haonekani. Yanaonekana makalio, kwa kitambo kidogo, halafu mpira unaruka na kamera inaufuata. Aliyeshika kamera ni mimi. Niliufuata mpira vizuri sana, kama mtu aliyefundishwa. Unakwenda moja kwa moja mikononi mwa mpigaji wa timu yao ya chuo, Anders Haugen, naye anaupiga juu mawinguni huku nywele zake zikipeperuka.

Anders ni jirani yetu wa ng'ambo ya barabara. Dada yake, Signe, anakaa mbele yangu darasani na kunitupia mkia wa nywele zake juu ya meza.

Wakati wa chakula cha mchana Signe alikuja na trei yake, amejaa tabasamu. Alisema klabu mbili zimempigia Anders simu. Moja imesema imeona video nzuri mno. Akaniuliza kama namjua aliyeitengeneza, maana familia yao ingependa kumpelekea keki. Kisha akaongeza, kwa sauti ya meza nzima kusikia, kwamba makalio ya kaka yangu nayo yametoka vizuri, yana nuru.

Nilimwambia bila makalio hayo kaka yake angekuwa anapiga hewa.

"Basi mwambie aende kwenye uteuzi kinyumenyume," akasema, "labda watamtambua."

Walicheka wote. Hata Petro, ambaye nilimpa kalamu yangu.

Sijavunjika moyo. Keki nitaikataa wakiileta.

Jumapili, 26 Aprili

Ugunduzi mkubwa!

Baada ya kanisa nilibaki kwa Bibi mjini. Nilinunua tikiti maji ili nilikombe na kulivaa kichwani siku ya uteuzi, kama watu wa huku tunavyofanya siku za mechi. Tulikula ndani, mimi na Bibi, hadi tukashindwa kuinama. Nilipoingiza uso kwenye ganda kunusa, nikasema kwamba linanukia vizuri. Sauti iliyotoka haikuwa yangu! Nzito, ya kifuani, ya mwanamume mwenye mashamba. Bibi alikuwa anaosha vyombo, amenipa mgongo. Alijibu, "Amina, Padri."

Fursa haibishi hodi mara mbili. Nilivuta simu ya ukutani, nikapiga kwenye kipindi cha michezo cha redio. Nikajitambulisha kama Bwana Gordon, mkulima. Nikasema nina siri nzito: klabu mbili zinamgombania Markian Prystupa kwa raundi ya tano, na klabu nyingine zisipoamka zitalia.

Mtangazaji aliuliza kwa nini Bwana Gordon anaongea kama yumo ndani ya pipa. Nikasema ni mafua. Akacheka, akasema miaka yote aliyotangaza hajawahi kuona mrushaji akigombaniwa, hata na mama yake. Halafu, kwa adabu tu, akauliza Bwana Gordon anapanda nini mwaka huu.

Nilikuwa na ganda usoni. Jibu lilinijia lenyewe. Nilisema matikiti maji.

Saskatchewan, kwenye baridi hii! Mwezi wa Aprili! Nilisikia studio nzima ikiangua kicheko.

Baba alikuwa njiani kuja kunichukua, na redio ya gari lake haizimwi. Alisimama mlangoni kwa Bibi, kofia mkononi, akauliza kama Bwana Gordon hajambo. Nikasema ana mafua. Baba akasema mafua ni ugonjwa wa watu wasiofanya kazi, na kwamba kuanzia kesho Bwana Gordon ataokota mawe kwenye shamba la kaskazini kila akitoka shule. Na asiiguse redio tena.

Nilikubali. Alisema redio. Hakusema simu.

Jumanne, 28 Aprili

Naandika kwa sentensi kamili, ingawa leo ni vigumu.

Udongo umekauka mapema mwaka huu, kwa hiyo Baba na kaka wameanza kupanda ngano. Jioni kaka alipanda trekta akaiacha simu yake mezani. Alisema hatakaa kuitazama kama kuku aliyelalia jiwe. Akaniambia, "Dasha, ikilia, kimbia uniite. Ukimbie tu. Usifanye kingine." Nilimwitikia.

Mezani isingelia kamwe: nyumbani kwetu mtandao haupatikani ila juu ya ngazi ya ghala la nafaka. Nikapanda nikakaa huko, tikiti kichwani, simu mapajani. Bibi, aliyekuja kutoka mjini kwa ajili ya uteuzi, alikuwa jikoni na televisheni, akinipigia kelele za matokeo kupitia dirishani.

Raundi ya kwanza, hakuna. Ya pili, hakuna. Raundi ya nne Bibi alisema jina la Anders Haugen kama mtu anayetema mbegu. Ng'ambo ya barabara honi za magari zililia hadi ng'ombe wetu wakajibu. Ujumbe wa Signe ukaingia kwenye simu ya kaka: *Na wenu?* Nikamjibu kwamba raundi nane ni nyingi.

Raundi ya saba ilikuwa inaanza simu ilipolia.

Mtu alijitaja kama Bwana Fortier, msaka vipaji wa klabu moja ya mashariki. Akauliza kama anaongea na Markian. Nilitazama shambani. Vumbi la trekta lilikuwa kwenye ncha ya mbali kabisa, dogo kama moshi wa sigara. Kukimbia kungechukua muda, na mwanamume yule alionekana mtu wa shughuli nyingi. Nikavua tikiti, nikaingiza mdomo.

"Ndiye," nikasema.

Aliuliza kama niko tayari kwenda kwao wakinichagua raundi ya nane.

Hapo palihitaji neno moja. Neno moja tu! Lakini nilikumbuka jinsi Baba anavyouza ndama. Haonyeshi shauku. Anatazama pembeni, anataja mnunuzi mwingine. Nikatazama pembeni. Nikamwambia Bwana Fortier kwamba amechelewa, klabu nyingine imeshaniahidi raundi hii hii ya saba, labda ajitahidi.

Akanipongeza. Kwa moyo kabisa! Akasema amefurahi kwa ajili yangu na hatanisumbua zaidi. Akakata.

Nikapiga tena. Inatumika. Nikapiga tena. Inatumika. Raundi ya saba ikaisha. Raundi ya nane klabu yake ikachagua beki mmoja kutoka Halifax. Bibi aliendelea kutaja majina, moja moja, kisha akaacha kutaja. Akafunga dirisha taratibu. Ndivyo nilivyojua.

Nilivuka shamba kwa miguu. Kaka alizima trekta aliponiona. Nilimweleza yote, sikuficha hata ndama. Nilidhani atafoka. Aliuliza tu ni sauti gani niliyotumia. Nikamwonyesha. Akacheka, kicheko kifupi, halafu akaweka paji la uso juu ya usukani na kukaa hivyo.

Baadaye akasema, "Basi, Dasha. Kesho nampigia bosi wa bohari."

Nikasema sikubali. Akasema hakuna aliyeniuliza. Nikasema hilo ndilo kosa la jambo hili lote tangu mwanzo, hakuna aliyeniuliza!

Akanipandisha kwenye trekta. Njiani nilificha uso ndani ya tikiti, lakini kulia ndani ya tikiti kunasikika mbali zaidi.

Jumatano, 29 Aprili

Asubuhi kaka alipanda ngazi ya ghala kumpigia bosi wa bohari. Mimi nilishika ngazi chini. Haikuhitaji kushikwa. Nilitaka tu awe na mtu.

Kabla hajabonyeza namba, simu ikalia mkononi mwake.

Bwana Fortier ni mtu wa sauti kubwa, nilisikia kila kitu. Aliuliza ni klabu gani ya kihuni iliyomdanganya kijana wa watu. Kaka akamwambia hakuna klabu. "Ni mdogo wangu. Alikuwa anaongea ndani ya tikiti."

Kikatoka kicheko ambacho nadhani kilifika kwa kina Haugen.

Kicheko kilipoisha akasema jina la kaka lilikuwa mezani kwa nafasi yao ya mwisho, nao waliliondoa kwa sababu ya simu ile. Hapo niliachia ngazi nikarudi hatua mbili, kwa usalama.

Lakini hakukata. Alisema mwezi huu alipokea video ya ajabu, ya mrushaji asiyeonekana. Wenzake wote ofisini walimtazama mpigaji. Yeye alitazama mikono ya mpigaji. Mirusho yote ile, kwenye upepo, kwenye theluji, mikono ile haikusogea hata mara moja. Mpira ulikuja pale pale, kama kikombe kinachorudi rafuni mwake. Akasema mpigaji wa namna hiyo hana mikono mizuri. Ana mrushaji mzuri.

Kwa hiyo kaka aende kambi ya mazoezi. Hakuteuliwa, na hakuna ahadi, na kuna mrushaji mkongwe atakayemkuta pale. Lakini aende.

Kisha akauliza ni nani humpokelea wakati wa baridi. Kaka alinitazama kule chini.

"Huyu huyu," akasema.

Bwana Fortier akasema niambiwe niendelee kupokea, na kuongea niwaachie wao.

Kaka aliteremka. Aliingia bandani, akatoka na mpira, akanirushia kifuani. Basi la shule likapiga honi barabarani. Likapiga tena. Likaondoka.

Bosi wa bohari hakupigiwa.

Jumamosi, 2 Mei

Naokota mawe. Baba ameongeza shamba la mashariki, na amenikataza kugusa simu yoyote hadi mavuno. Ameitaja ya Bibi kwa jina.

Signe alikuja kwenye ua akaegemea nguzo. Alisema kualikwa kambini si kuteuliwa, nisije nikajisahau. Nikamwambia ni kweli. Nikamwambia pia kwamba Anders ameteuliwa kwa video yangu, kwa hiyo mpaka sasa nimefikisha vijana wawili, na ile keki bado sijaiona. Aliondoka bila kutupa nywele.

Bi. Oleskiw anasema baada ya kila jambo tutafakari tumejifunza nini. Nimetafakari mawe matatu mazima. Video ilifanya kazi. Sauti ilifanya kazi, mtu mzima wa mjini aliiamini. Kilichoharibika ni ndama. Sitatumia tena mambo ya ndama.

Kaka ataondoka wiki ijayo. Jana usiku Mama alikunja jezi yake mara tatu na kuikunjua mara tatu. Na jambo moja linanikera: huyo mrushaji mkongwe. Ana miaka thelathini na saba. Nimeona picha yake, ana uso mwema, wa mtu anayependa kuvua samaki. Pengine hajapata tu wa kumshauri. Pengine akipata ujumbe wa sauti kutoka kwa daktari bingwa wa migongo, daktari mpole, mwenye uzoefu, ataacha mpira mwenyewe na kushukuru. Kompyuta ya maktaba ya shule inarekodi sauti vizuri sana.

Baba alisema simu.

Nimemwomba Bibi aninunulie tikiti jingine. Kubwa zaidi. Daktari lazima awe na kifua.