Nilivyoingia Lori Langu kwa Dirisha

Leo nimeaibika. Tena mchana kweupe, tena siku ya soko, tena Bwera, mahali ambapo nusu ya watu wananijua kwa jina na nusu nyingine ni wateja wangu. Nawaambia mwenyewe kabla hamjaletewa na wengine, maana wengine wataongeza chumvi. (Na kisa hiki hakihitaji chumvi.)

Mnajua nanunua kahawa kule Mahango na kuiteremsha Kasese. Mnajua pia malori ya kukodi yalivyonitesa. Unampigia dereva, anakwambia "niko njiani", kumbe bado anaoga. Msimu uliopita mvua ilinikuta mlimani na magunia ya akina mama wa watu, kahawa ikaota ukungu, wakaniangalia kwa macho ambayo bado nayaona. Nikajiapia kwa jina langu: Masika, msimu huu utakuwa na lori lako, hata kama utalisukuma.

(Mungu husikia. Tena husikia neno kwa neno.)

Lori nililipata Bwera, nyumbani kwa Mama Biira, mjane mmoja mpole sana. Lilikuwa la marehemu mume wake. Limesimama uani tangu azikwe, ubavu wa kushoto umezama kabisa kwenye ua uliofunikwa na mipashoni, ile mimea ya matunda inayotambaa. Fundi niliyekwenda naye alijilaza chini akalikagua, akatoka akisema ni zima, ila betri imekufa. Karatasi zote zipo. Kasoro kubwa ni moja tu.

"Ufunguo uko wapi, mama?"

Mama Biira akashusha macho. "Ufunguo uko na mzee."

"Mzee yupi?"

"Mzee mwenyewe. Tulimzika na koti lake, alikuwa hasafiri bila koti lile. Tulipokumbuka mfuko, saruji ilikuwa imeshakauka."

Mtu mwenye akili angeaga hapo hapo. Mimi nilitoa pole, nikanywa chai, nikanunua lori.

Leo ndiyo nimekwenda kulichukua. Fundi wa kuchonga ufunguo mpya yuko Kasese, na hatoki Kasese kwa ajili ya mtu yeyote. Basi lori ndilo limfuate. Nikamkodi Hajji Sulaiti, mzee msafirishaji mwenye gari la kubebea magari mabovu, lile la mgongo bapa wa chuma na winchi ya waya mnene. Na kwa kuwa nilitaka kupigwa picha nimesimama mbele ya mali yangu, nikavaa sketi ya kitenge ya kubana na viatu vya kung'aa. Tajiri kamili!

Hajji aliniangalia kuanzia juu mpaka chini. "Masika, tunakwenda kazini au harusini?"

"Hajji, endesha."

Tulifika Bwera soko limechangamka. Mama Biira hakuwepo, ameacha salamu kwa jirani kwamba yuko sokoni na tuendelee tu. Tukaendelea. Fundi wa pikipiki wa pale jirani, aitwaye Kule, alikuja kusaidia bila kuitwa. Hajji akafunga waya mbele ya lori, winchi ikalia, lori likagoma. Winchi ikalia zaidi. Lori likaanza kuja kama ng'ombe anayevutwa kwenda josho: magurudumu ya nyuma hayazunguki, yanalima tu uani, na nusu ya ule mpashoni imeng'oka nalo, imeliangukia ubavuni kama shuka. Likatoka getini. Likafika barabarani. Nikapiga vigelegele peke yangu.

Kulipandisha ndipo mambo yakakataa. Magurudumu ya mbele yalikuwa yamekata kulia, na yamekwama hivyo hivyo. Kila likigusa mbao za kupandia, linaelekea mtaroni. Tukajaribu. Mtaroni. Tukarudia. Mtaroni tena! Boda boda wakaanza kuegesha ili watazame vizuri.

Kule akachungulia kupitia kioo cha dereva. "Mama, hii gari iko na handibreki juu. Na usukani imejifunga. Lazima mutu aingie ndani."

Akautikisa mlango wa dereva. Umefungwa. Kioo kilikuwa kimeteremka kidogo, akakisukuma kwa kiganja kimoja mpaka kikashuka chote, akapapasa ndani, kumbe kishikizo cha kufungulia mlango kimeng'oka. Tukabaki tukitazamana. Hajji ana tumbo la heshima, na Kule mkono wake mmoja una bendeji. Wale boda boda walisema kiingilio cha sinema hakijumuishi kazi.

Nikavua viatu.

"Masika," Hajji akasema, "ngoja kwanza tufikirie."

"Hajji, kuna akina mama Mahango wameanika kahawa na wingu limeshakaa juu ya mlima. Nitafikiria nikiwa Kasese."

Nikakanyaga gurudumu, nikashika fremu, nikaingiza kichwa. Mabega yakapita. Kifua, kwa kunung'unika kidogo, kikapita. Nikajisifu moyoni. Kisha nikafika kiunoni.

Wapendwa, niliishia hapo.

Ile sketi ilikunjana ikawa kama kabari. Mbele siendi, nyuma sirudi. Kichwa changu kilikuwa juu ya kiti cha dereva, na miguu yangu inapunga hewa ya Bwera. Na ndipo nikasikia, karibu kabisa na sikio langu: "Krrrrr."

Kwenye kiti cha abiria kulikuwa na kuku. Ametaga. Anaatamia. Na hajapenda kuona uso wangu.

Tulitazamana. Nikamwambia kwa upole, "Sikuja kwa ajili yako." Hakuniamini. Alinirukia kwa mabawa, kucha na mdomo, akaanza na paji la uso akashuka kwenye kilemba. Banange! Nilipiga mayowe ambayo nadhani walioko ng'ambo ya mpaka, Kongo, waliyasikia. Katika kupapasa nikaegemea honi. Betri, ambayo fundi aliapa imekufa, ikafufuka. Poooooo!

Sasa jiwekeni mahali pa mtu anayetoka sokoni na kabichi zake. Anaona lori limeburutwa nje ya nyumba ya mjane. Anaona miguu ya mtu ikitoka dirishani. Honi inalia. Angesema nini?

"Mwiziiii!"

Sikuona watu walivyokuja, maana macho yangu yalikuwa kwa kuku. Nilisikia tu kandambili nyingi zikikimbia, na sauti ya Hajji ikisema "jamani, jamani, jamani." Kisha sauti nzito ya askari.

"Wewe! Toka ndani! Mikono juu!"

"Afande, mikono iko ndani!"

"Toa!"

"Ningeweza kutoa, afande, ningekuwa nimeshatoka!"

Umati ukacheka. Afande hakucheka. "Gari ya nani hii?"

"Yangu! Nimeinunua!"

"Ufunguo iko wapi?"

Hapa mimi ningedanganya. Ningesema umepotea, mambo yakaisha. Lakini Hajji Sulaiti ni mtu wa msikiti, hadanganyi hata kidogo. Nikamsikia akijibu kwa unyenyekevu wote:

"Afande, ufunguo uko kaburini. Na mwenye gari."

Hata kuku aliacha kunidonoa.

"Mumemuua?" afande akauliza polepole.

"Hapana!" nikapiga kelele ndani ya lori. "Alikufa mwenyewe! Tulikuta ameshakufa!" (Mtu akiwa kichwa chini hachagui maneno vizuri.)

"Mzee, weka mikono kichwani," afande akamwambia Hajji. "Na wewe wa bendeji. Wewe wa dirishani, baki hapo hapo."

Kana kwamba nilikuwa na safari.

Nilibaki pale nikimsikia Hajji akisoma dua, na simu za watu zikipiga picha nyuma yangu, klik, klik. Mmoja alisema, "Huyu si ni Mama Kahawa?" Mwingine akajibu, "Ni yeye. Namjua kwa miguu." Sijui mtu huyo ni nani. Sitaki kujua.

Ndipo nikasikia sauti ya Mama Biira ikipenya katikati ya watu. "Nyie! Mnamfanyia nini mgeni wangu?" Akamweleza afande kila kitu kwa mkupuo mmoja: mume, koti, saruji, lori, mauzo. Sauti ya afande ikalainika. Akaguna, akamwambia Hajji ashushe mikono.

"Lakini mwanangu," Mama Biira akaniuliza, amesimama karibu na magoti yangu, "unafanya nini dirishani?"

"Naingia, mama. Mlango umefungwa. Na humu ndani kuna kuku wako ananiua."

"Aa, yule. Ngoja nimtoe."

Nikasikia hatua zake zikizunguka mbele ya lori, taratibu, kama mtu anayekwenda kuchota maji. Nikasikia mpashoni ukisukumwa kando. Kisha mlango wa abiria, ule wa kushoto, ule ambao hakuna hata mmoja wetu aliyeugusa, ukafunguka. Kwaa. Jua likaingia. Na uso wa Mama Biira.

"Mlango huu haujawahi kufungika," akasema huku akimkumbatia kuku wake. "Unafikiri yeye alikuwa anapitia wapi?"

Sitaelezea kicheko cha Bwera. Afande alilazimika kuvua kofia na kushikilia taa ya lori. Hajji alikaa chini barabarani. Kule alisema, "Mama, pole, mimi nilitazama hii upande tu," kisha akageuka mabega yakimtetemeka.

Walinichomoa kwa kunivuta miguu, afande mguu mmoja, Kule mguu mwingine, na sketi ikapasuka mpaka mahali ambapo sitataja. Mama Biira akanifunga leso yake kiunoni. Nilifuta manyoya usoni. Nikazunguka lori. Nikaingia kwa mlango, kama binadamu, mbele ya watu wote, nikashusha handibreki. Kule akavunja kufuli ya usukani kwa bomba na nyundo. Magurudumu yakanyooka. Winchi ikalia, na lori langu likapanda mgongoni mwa gari la Hajji bila kuyumba hata kidogo, na Bwera nzima, iliyokuwa inanicheka, ikapiga makofi.

Sasa niko Kasese. Lori liko mbele ya nyumba, fundi anapima tundu la ufunguo, na nimewapigia akina mama wa Mahango kwamba nitapanda kesho, mvua inyeshe isinyeshe.

Anayetaka kucheka acheke leo amalize. Likishawaka, sitaki kumsikia mtu ananiomba lifti.