Kinanda Chako Kinakaribisha Watu kwa Sauti Yangu

Munje, Msambweni
Juni 1966

Kwa Bwana Mangi, Meneja wa hoteli, Galu

Shikamoo, Bwana Meneja.

Natumaini barua hii itakukuta mzima. Kabla ya malalamiko, nakiri jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata mama: yule mwanamke anayeimba ndani ya kinanda cha bendi yako ni mimi.

Mwaka jana, nilipokuwa namaliza darasa la nane, yule Mzungu mpiga kinanda wako alikuja shuleni kwetu kutafuta sauti za wasichana. Alieleza kwamba kila kibao cha kinanda kina utepe wake wa kunasa sauti, na kila utepe una sauti ya mtu. Akibonyeza, mtu anaimba. Wenzangu walicheka, wakakimbia. Mimi naona haya hata kukimbia, kwa hiyo nilibaki. Niliimba "aa" ya chini, nikapanda moja moja. Nilipofika ile ya juu kabisa, jirani yetu Bi Dama, aliyeleta maji ya walimu, akapiga hodi mlangoni. Bwana Meneja, mtu aliyelelewa haachi hodi ikapita. Nilijibu "karibuu" humo humo ndani ya wimbo. Mzungu akafurahi, akafunga sanduku lake la kurekodia, akaondoka na sauti yangu.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kinanda kinakaribisha watu bila idhini yangu. Mzee Chande wa hapa kwetu alimletea mpishi wako pweza, kwa mlango wa nyuma kama tangu zamani. Akasikia anakaribishwa upande wa mbele. Akazunguka, akaingia, akaketi katikati ya wageni wako pamoja na kikapu chake. Mjomba wangu Mbwana, askari wako wa getini, alipomwambia atoke, Mzee alimjibu, "Mwanangu, mwenye nyumba kanikaribisha. Wewe umeajiriwa tu." Mjomba akarudi getini. Hata mimi ningerudi.

2. Tangu siku hiyo wanaingia wengi, na nasikia utamwachisha mjomba kazi mwisho wa mwezi huu, eti analegeza geti. Halegezi. Kwetu karibu ikishatoka mdomoni hairudishwi, hata kwa mtu usiyempenda. Ukitaka kumfukuza anayeingiza watu, fukuza kinanda.

3. Wanaokaribishwa hawapewi hata maji. Mzee Chande anatangaza Ukunda nzima kwamba nyumba ile ina ulimi mtamu na chungu kitupu. Aibu hiyo ni yangu, kwa kuwa ulimi ni wangu. Ama sauti yangu itolewe, ama kila Jumamosi upike wali wa nazi, na sufuria iwe kubwa.

4. Bendi hupiga kinanda hicho hata wageni wakiagwa. Mjomba anasema mama mmoja wa Kizungu alisikia karibu akiwa ameshabeba sanduku lake la safari, akaliweka chini, na hadi leo yuko chumbani. Nchi ni huru, sikatai, lakini watu wa kwao watatufikiriaje?

5. Hili ndilo linaloniuma. Bibi yangu Mbeyu hunigombeza kila siku kwamba nikikaribisha wageni sauti haitoki, niko kama kuku aliyenyeshewa. Sasa habari za hoteli zimemfikia. Ananiambia, "Kuna msichana huko Galu anakaribisha mpaka mzee wa pweza. Huyo kalelewa. Nenda ukajifunze kwake." Nimeshindwa na sauti yangu mwenyewe, Bwana Meneja. Na nikisema ni mimi, ataniuliza nilimwimbia Mzungu kwa ruhusa ya nani.

Kwa hiyo naomba kibao hicho cha juu kabisa king'olewe, na mjomba abaki kazini.

Nisalimie mpishi, wanabendi wote, na yule mama wa chumbani. Mwambie asijali, akae.

Ni mimi nisiyependa kusumbua watu,

Esha binti Hamisi

Nyongeza: Tafadhali usiking'oe kabla ya Jumamosi. Bibi ametoa leso yake mpya ya kujitanda sandukuni. Anasema naye amekaribishwa. Mwambie mjomba asimzuie, na wali usisahauliwe. Akiuliza msichana mwenyewe yuko wapi, usijibu. Nitakuwa nyuma yake nimemshikia viatu. Niache nijibu mwenyewe, iwapo sauti itatoka. Mpaka hapo, nakuomba usimwambie mtu.