Trei Sita za Blondi

Kinanda alikuwa anamalizia kikombe cha pili cha chai, ambacho hakuwa na mpango wowote wa kukilipia, aliposikia mwenye mkahawa akidanganya kwenye simu. Akatega sikio. Watu wa fani moja hutambuana kwa sauti.

"Blondi? Tunazo, mheshimiwa! Ndiyo kazi yetu hasa. Trei sita, kabla ya saa kumi. Usiwe na wasi!" Mama Vikombe akakata simu, akamgeukia mpwa wake aliyekuwa akifuta meza. "Hivi wewe, blondi ni nini?"

"Sijui, shangazi. Si nywele?"

Hapa yafaa tumjue Kinanda. Jina hilo alipewa kwa sababu akifungua mdomo, hata aliyekuja kumpiga huishia kumwagizia soda. Kazi hakuwa nayo. Kazi, alikuwa akisema, ni ya watu wasiojua kuongea. Lakini alilelewa na dada yake mkubwa, na dada huyo alikuwa akioka keki za kuuza, na aliyekoroga bakuli mpaka mkono ukafa ganzi ni Kinanda. Basi akainuka, akanyoosha koti.

"Samahani, mama. Sikukusudia kusikiliza, ila masikio hayana mlango. Blondi ni ndugu wa brauni, tofauti ni kwamba yeye hakuonja kakao. Keki bapa, siagi tele, sukari ya kahawia. Katikati laini, pembeni inang'ang'ania meno. Nimezioka miaka minane kwenye meli ya watalii."

Meli alizijua kwa kalenda za ukutani. Hata kivuko cha mtoni kilimtapisha.

Mama Vikombe akamkagua kuanzia viatu. "Na meli ilikuacha wapi?"

"Mimi ndiye niliyeiacha, mama. Moyo ulitaka nchi kavu. Sasa sikiliza. Blondi za mabwana wakubwa zina siri: punje za nahodha. Huokwa kando, hukaushwa, kisha huchanganywa ndani. Mji mzima huu, anayejua zinakopatikana ni mimi. Na fedha sitaki. Nikimaliza, nipe ile pikipiki nyekundu iliyosimama nje."

Mama Vikombe akaitazama pikipiki. Akaitazama saa. Akashusha pumzi kama mtu anayeombwa figo.

"Haya, mwanangu. Shida haina adabu. Kazi kwanza, ufunguo baadaye."

Mjanja akiona jambo limekuwa jepesi mno, humshukuru Mungu pale ambapo angepaswa kuuliza swali. Kinanda alishukuru. Akatoka mbio mpaka duka la kona, akarudi kifua kimemtuna kama njiwa dume: koti lilikuwa limefunika pakiti za biskuti, zile za kawaida zenye vipande vya chokoleti, ambazo watoto hula wakiwa wanalia.

Jikoni aliyeyusha siagi, akaipiga na sukari ya kahawia mpaka ikang'aa. Akavunja mayai, akatia vanila, unga na chumvi kidogo. Alifanya vizuri, tusimnyime haki yake. Tatizo ni kwamba Mama Vikombe alikuwa amekalia kreti la soda, macho hayabanduki.

"Sasa mama, tazama ukutani. Punje za nahodha zina haya."

Mama akageuka. Kinanda akaanza kuvunja biskuti. *Kra!* Akakohoa. *Kra, kra!* Akakohoa mara mbili.

"Una kifua, mwanangu?"

"Upepo wa baharini, mama. Haujanitoka."

Akavichanganya vipande, akamimina kwenye trei zilizotandikwa karatasi, akatia ndani ya oveni. Punde harufu ikatambaa mpaka ukumbini, mazungumzo yakakatika mezani. Mpita njia akaingiza kichwa mlangoni kuuliza kuna nini. Trei zilipopoa, Kinanda alipunguza pembeni kwa kisu, akaonja. Siagi, biskuti iliyolainika, chokoleti. Akamkumbuka dada yake, na kwa muda akasahau kabisa kwamba alikuwa anaiba.

Mteja alikuja kabla ya saa kumi, akaonja, akafumba macho. Akabeba trei zote na kuagiza nyingine kwa ajili ya kesho. Mama Vikombe akatoa ufunguo kwa mikono miwili, kama anayekabidhi bibi harusi.

Kinanda alifika kona ya pili tu. Mbele yake, katikati ya barabara, sajini wa polisi, mtu wa kimo na upana, aliinua mkono.

"Afande! Habari za kazi?"

"Nzuri. Hiyo pikipiki yangu inakwenda vizuri?"

Walirudi mkahawani kwa miguu. Kinanda akisukuma pikipiki, sajini akimshika mkanda wa suruali kwa nyuma.

"Mama, mwambie!" Kinanda akalia. "Ufunguo umenipa wewe! Mimi ndiye niliyeoka trei zote sita!"

Ulikuwa ukweli mtupu, na pengine kwa kukosa mazoea ulimtoka vibaya. Sajini akacheka. "Wewe uoke? Na koti hilo?"

"Sajini," Mama Vikombe akasema kwa upole, "wewe huniachia ufunguo kila ukiingia zamu. Ikiwa huyu ni mwokaji wangu, basi mimi ndiye niliyemtuma, na nakuomba radhi. Ikiwa si mwokaji wangu, ni mwizi, mchukue." Akamgeukia Kinanda. "Mwanangu, wewe ni nani?"

Kinanda akaitazama pingu kiunoni mwa sajini. "Mwokaji wako, mama."

"Alhamdulillahi. Anza na za kesho." Akavuta katoni nzima ya biskuti kutoka chini ya meza. "Punje za nahodha hizi hapa. Na safari hii usijisumbue kukohoa. Mwenye duka la kona ni mdogo wangu; alinipigia simu kabla hujavuka barabara. Akili ni nywele, mwanangu, kila mtu ana zake."

"Ngoja kwanza," sajini akasema. "Mimi siamini maneno. Athibitishe."

Akavuta kiti mpaka mlango wa jikoni, akaweka kofia pajani, akaziba njia pekee ya kutokea. Kinanda akavua koti. Akakoroga mpaka mkono ukafa ganzi. Trei ya kwanza ilipotoka, akamkatia sajini kipande kinene cha katikati, akasimama mbele yake jasho likimtiririka.

"Afande, umeridhika sasa? Mimi ni mwokaji?"

Sajini alitafuna polepole. Akameza. Akalamba kidole gumba, kisha cha shahada, akafikiri sana.

"Ushahidi bado haujatosha," akasema. "Lete kingine."