Mshale wa Kibao cha Kumi

Jumatatu, 3 Juni

Kamati imenipa kazi! Vibao kumi vya mbao, mishale kumi, vyote kwa mkono wangu. Jumamosi watu wa mjini watakuja na magari yao kuzungushwa kwenye sehemu zetu za kihistoria: mashine ya kwanza ya kusaga, daraja la mawe, kisima kilichochimbwa kwa majembe matupu, na kadhalika. Sikujua kama tuna historia. Nilidhani tuna vumbi tu.

Mwenyekiti wa kamati ni mwalimu mstaafu. Tunamwita Kamusi kwa sababu huwezi kumwamkia bila kusahihishwa. Amenipa maandishi ya vibao tisa. Nikauliza cha kumi je? Akasema cha kumi ataandika mwenyewe, ni siri. Mimi nitengeneze ubao na mshale, mshale niuchomeke njia panda, uelekee kushoto.

Kushoto! Nani hajui kilichoko kushoto? Nyumba ya Kamusi. Zaidi ya hapo kuna kile chumba cha kuzalishia kilichofungwa miaka mingi, Mama alikofanya kazi ya ukunga kabla hajahamia kwa dada yangu ng'ambo ya mto. Hakuna mtu mwenye akili timamu atakayetoka mjini kuja kutazama chumba kisicho hata na mlango. Kwa hiyo ni nyumba yake. Mzee anajijengea mnara angali hai.

Orodha nimeisoma mara tatu. Karakana yangu haimo.

Jumanne, 4 Juni

Kamusi karudi asubuhi. Ameagiza mlango. Vipimo kaviandika kwenye karatasi, kwa mwandiko wa ubaoni, akapigia mstari neno "haraka". Nikamwambia naona mambo yanapambwa. Akacheka peke yake. Akasema nitajionea Jumamosi. Halafu akanisahihisha: kwenye kibao cha tatu nimeandika "kisima" kwa herufi kubwa bila sababu.

Mlango nimeutengeneza. Mzuri, wa mbao ngumu. Ila nimeuacha mpana unywele mmoja. Siku kavu utafunga na kufunguka kama kawaida. Mbao ikishiba maji, atausukuma kwa bega, kwa goti, na kwa msamiati wote alionao.

Nimefanya kazi nikiimba. Mke wangu akachungulia kutoka kwenye cherehani yake akauliza nina nini. Nikasema napenda kazi yangu.

Jumatano, 5 Juni

Wazo! Limenijia nikinyoa, nusura nijikate.

Kama historia haiji kwangu, nitaitengeneza. Mimi si seremala?

Nimechukua kiti nilichokimaliza wiki mbili zilizopita. Nimekipiga kwa mnyororo. Nimekimwagia chai ya rangi sufuria nzima. Mchana kutwa nimekifukia kwenye banda la kuku. Jioni kimetoka na sura ya babu yake. Nimechora na kibao: KITI ALICHOKALIA MPIMA ARDHI WA KWANZA ALIPOKUWA ANACHORA RAMANI YA KIJIJI HIKI. Hakuna anayemjua huyo mpima ardhi. Hata mimi simjui. Lakini lazima alikuwepo, na lazima alichoka, na aliyechoka hukaa.

Mke wangu alikuta kuku wamesimama nje ya banda wakiniangalia. Akasema hata hao wana haki ya kuelezwa. Sikumweleza. Yeye pia ana siri zake: anashona gauni la bluu na kila nikiingia analifunika na shuka. Si kipimo chake. Ni la mtu mdogo, mwembamba. Mke wa Kamusi ni mdogo, mwembamba.

Kwa hiyo na mke wangu yumo!

Ijumaa, 7 Juni

Mvua. Imenyesha tangu saa mbili asubuhi hadi alasiri. Nimekaa kibarazani nikiisikiliza kama taarabu.

Kamusi aliuchukua mlango jana. Nilijitolea kwenda kuufunga, akakataa katakata, eti bawaba alizijua kabla sijaota meno. Sawa, mwalimu.

Mishale yote kumi nimeichomeka. Wa kumi njia panda, kushoto, kama nilivyoagizwa. Kamusi alikuja na mwavuli kuukagua. Akaniambia kazi nzuri. Kwa dakika moja nzima nilijisikia vibaya.

Ikapita.

Jumamosi, 8 Juni

Naandika nikiwa karakanani. Ndani siwezi kuingia.

Nianze mwanzo. Alfajiri nilikwenda njia panda nikauzungusha mshale. Sikuung'oa, maana huo ungekuwa uharibifu. Niliuzungusha tu, ukaelekea kulia. Kwangu.

Msafara ukafika saa tano, magari saba. Aliyeongoza ni shemeji, kaka wa mke wangu, dereva wa lori la ushirika. Amezaliwa hapa, amekulia hapa, anajua kila shimo la barabara. Lakini mshale ulisema kulia, naye akakata kulia. Baadaye nilimuuliza kwa nini hakushangaa. Akasema mshale ni mshale.

Wageni wakashuka. Kofia, miwani, simu mkononi. Nikawakaribisha uani. Kiti nilikuwa nimekizungushia kamba. Nikawaeleza habari za mpima ardhi, jinsi alivyokuwa mtu mpole, mwenye ndevu, asiyependa kelele. Mama mmoja akauliza alikaa kijijini muda gani. Nikasema siku arobaini. Sijui zilitoka wapi, zilitoka tu. Watu wakaandika!

Ilikuwa saa nzuri kuliko zote maishani mwangu. Haikuwa saa. Ilikuwa dakika kumi na mbili.

Bwana mmoja mnene, fundi saa kwa kazi yake, aliruka kamba na kuomba apigwe picha amekaa. Kabla sijasema neno alikuwa keshakaa. Kiti kilichopigwa mnyororo na kulala na kuku hakina subira. Miguu ilikwenda pande nne. Bwana akaenda chini. Kiti kikabaki chali. Na chini ya kiti, jamani, chini kabisa, kwenye ubao ambao sikuumwagia chai, muhuri wa karakana yangu unang'aa. Jina la kazi, na namba ya simu.

Fundi saa alisoma akiwa palepale chini. Halafu akauliza, kwa upole ulionimaliza:

"Huyu mpima ardhi, alikuwa na simu ya mkononi?"

Kicheko. Hata shemeji. Nilikuwa nafungua kinywa nieleze (sijui nini) mke wangu alipotoka ndani. Akatazama magari. Akatazama wageni. Akashika kichwa.

"Mbona wako hapa? Mbona hawako kule? Mama!"

Nikauliza mama yupi.

"Mama yako!"

Ndipo likanimwagikia lote. Kibao cha kumi hakikuwa cha Kamusi. Kilikuwa cha Mama. Kamati ilikuwa imekitengeneza kile chumba, imekipaka chokaa, imekitia mlango. Nusu ya kijiji imezaliwa mle kwa mikono yake. Dada alimleta asubuhi, amevaa gauni la bluu, aketi mlangoni awapokee wageni. Nilifichwa mimi ili iwe zawadi. Kamusi alitaka aone uso wangu.

Mlango, nikakumbuka. Mvua!

Sijawahi kukimbia hivyo. Magari saba nyuma yangu, mke wangu mbele yangu. Tulipita nyumba ya Kamusi, imefungwa, haina hata ua. Tukafika kwenye chumba, tukasikia mlango unagongwa kutoka ndani.

Wamo watatu: Mama, dada, Kamusi. Waliufunga ili upepo usimpindishie Mama kitambaa cha kichwani wakati wanangoja. Ukafunga kweli. Nusu saa nzima. Walipiga kelele, hakuna wa kusikia, kwa sababu msafara wote ulikuwa kwangu ukisikiliza ndevu za mpima ardhi. Simu ya dada waliiacha nje kwenye kiti cha Mama, pamoja na maua.

Shemeji alipiga bega, mlango haukutikisika. Mimi nikapiga, bega ndilo lililotikisika. Niliutengeneza vizuri mno. Kamusi alikuwa anasema ndani, sauti imekauka, kwamba neno sahihi ni "umekwama" wala si "umegoma".

Mwisho ni dirisha. Dirisha dogo. Watu wakaanza kubishana kwamba bibi wa miaka themanini na minne hawezi kupita pale. Kichwa chake kikatokeza, kitambaa cha bluu hakijapinda hata kidogo. Akawatazama wote.

"Nimewatoa wengi hapa kwenye njia nyembamba kuliko hii," alisema. "Shikeni mabega. Msivute. Ngojeni niwaambie."

Wakashika mabega. Hawakuvuta. Akawaambia. Akatoka.

Wageni walipiga makofi mpaka ndege wakahama. Fundi saa alikuwa analia. Mama alijipangusa gauni, akageuka akautazama mlango juu mpaka chini, akapitisha kidole kwenye ukingo wake. Akauliza nani fundi.

Nilijifunza leo kwamba watu sitini wanaweza kugeuza shingo kwa pamoja.

Jumapili, 9 Juni

Mke wangu hasemi nami. Anaongea na cherehani, kwa sauti, kuhusu mimi.

Nimekwenda ng'ambo ya mto kuomba radhi. Nilitayarisha hotuba. Mama alinizuia kwenye sentensi ya kwanza, akanipa kiti na chai. Akasema mimi nilizaliwa miguu kwanza. Yule mkunga aliyemfundisha kazi alisema huyu atasumbua. Na tangu siku hiyo sijawahi kuingia mahali popote kwa njia ya kawaida.

Nikamwambia kweli nilidhani ni nyumba ya Kamusi. Akaniangalia sana. Akasema: "Na chumba changu ulipita ukakiona si kitu?"

Naandika hapa kwa sababu hapa hakuna anayesoma: niliishika mikono yake, midogo, nikawaza imeshika watu wangapi.

Alasiri nimeupiga mlango randa. Unafunguka kwa kidole. Kamusi alikuja kukagua. Niliomba msamaha. Akasema "samahani" inatosha, "samahani sana" ni kujaza nafasi.

Jumamosi, 15 Juni

Wamerudi! Waliona aibu kuondoka bila kukiona kibao cha kumi, kilichokuwa kimefungiwa ndani. Safari hii magari kumi na tisa. Habari za bibi wa dirishani zimefika mbali.

Mama alikaa mlangoni. Kijiji kizima kikapanga mstari, wazee wa miaka hamsini wakisema nilizaliwa hapa, shikamoo Mama, mimi ni yule wa siku ya mafuriko. Alimkumbuka kila mmoja, na uzito wake. Shemeji alikuwa kilo mbili na nusu! Dereva wa lori!

Kibao cha kumi Kamusi alikiandika kwa mkono wake. Kina jina la Mama na neno moja chini yake: MIKONO. Sikuona kosa la kusahihisha. Macho yaliniwasha. Vumbi la mbao, bila shaka.

Mke wangu kanishika mkono. Ameongea nami. Aliniambia ninyamaze, lakini ni kuongea.

Jumatatu, 17 Juni

Nimekuwa mtu mwingine. Nimeamka mapema, nimefagia karakana, nimeapa: ukweli mtupu, kazi safi, hakuna ujanja. Nilidumu hadi saa nne.

Saa nne wamekuja wajumbe watatu wa kijiji jirani, kwa gari, wamevaa makoti. Wameona umati wa juzi. Nao wanataka ziara ya magari. Walikwenda kwa Kamusi, akawaambia watafute kwanza ushahidi, miezi sita. Hawana miezi sita. Wamesikia kwamba kuna fundi hapa aliyemweleza mpima ardhi mpaka watu wakamwona.

Tatizo lao moja tu. Walilisema kwa kunong'ona, wakitazama chini: kijiji chao kina miaka kumi na minane, hakuna jambo lolote lililowahi kutokea huko.

Nikawaambia wasiwe na wasiwasi. Wanipe mpaka Ijumaa.