Kisa cha Tone Lililomgusa Bwana Hashikiki

Sogeeni, enyi wenye masikio mawili na hata wewe mwenye moja linalosikia vizuri; sogeeni mlio na chaji na nyie mnaotafuta pa kuchomeka; punguzeni moto chini ya sufuria, maana nitakalosimulia ni refu na sitaki kulaumiwa kwa wali ulioungua. Nasimulia vita vya zamu kumi, vilivyopiganwa Jumamosi moja kati ya saa sita mchana na saa tisa na nusu, ambamo jiji zima lilitikiswa, maghorofa yakakunjika kama leso, jua likajificha nyuma ya moshi, na mtu mmoja akaumia kidole.

Shujaa wetu alikuwa mpiga pasi. Si mpiga pasi wa hivi hivi, wa kunyoosha mbele na kuuacha mgongo ujitegemee. Huyu alikuwa Mpiga Pasi wa lile duka la dobi linalotazamana na kituo cha mafuta, Malkia wa Kola, Adui wa Makunyanzi, aliyewahi kunyoosha suruali kumi na nane za bendi moja asubuhi ya harusi, na mistari yote ikasimama kama askari wa gwaride. Lakini hizo ni sifa za mwili. Ndani ya simu yake, katika ule mchezo wa mtandaoni ambao kila mtu hujitungia shujaa mwenye uwezo wa ajabu na kuandika matendo yake kwa zamu, huku wengine wakisoma na kutia makopa, zile alama za moyo za kupendezwa, alijulikana kwa jina la Mama Mvuke, mwenye kupumua ukungu wa moto na kuruka juu ya mapaa kwa nguvu ya maji yachemkayo. Miaka sita alikuwa amemlea Mama Mvuke, tangu alipokuwa hawezi hata kuruka ukuta wa jirani, na kwa kweli alimpenda kuliko baadhi ya ndugu.

Sasa, mchezo ule una sheria moja iliyo mama wa sheria zote: andika unachorusha, usiandike kilichompata mwenzio. Ukirusha ngumi, unaandika kwamba umeirusha, basi. Kama imempata ama imempita, ataandika mwenyewe kwa dhamiri yake. Ni sheria nzuri sana, kama zilivyo sheria zote zinazotegemea dhamiri, mpaka atokee mtu mmoja.

Na mtu huyo alitokea, jina lake Bwana Hashikiki. Miaka minne alipigana na kila aina ya shujaa, na katika miaka hiyo minne hakuna kitu kilichowahi kumpata. Ukimrushia radi, kumbe aliyesimama pale ni kivuli chake. Ukikiwahi kivuli, kumbe mwenyewe alishaondoka jana yake. Ukimzungushia ukuta wa chuma, anaandika kwamba kwa mwendo wake alishatoka, akanywa chai, akasuuza kikombe na kurudi kutazama unavyohangaika. Na yote hayo aliyathibitisha kwa mahesabu, maana mwenye barakoa hiyo alikuwa mwalimu wa hesabu, na mwalimu huyo alikuwa kaka yake mpiga pasi, tumbo moja, ziwa moja.

Ndiyo maana jambo hili lilimuuma mpiga pasi kuliko lilivyowauma wengine. Alimjua Hashikiki kabla hajawa Hashikiki. Walipokuwa wadogo wakicheza vita uani, yeye miaka sita na kaka mtu tisa, kila alipomlenga alijibiwa neno moja: hukunipata. Siku moja alimvizia nyuma ya pipa akamtandika kwa tambara la kuoshea vyombo, limelowa chepechepe, likamkaa kifuani pwaa. Kaka akajitazama shati, maji yakimchuruzika mpaka kwenye magoti na povu la sabuni likimeta, akasema kwa utulivu wa jaji, "Hukunipata. Hili ni jasho." Akaulizwa mama, naye mama, ambaye alikuwa akitafuta tambara lake, akawafukuza wote wawili. Kesi ile ikabaki wazi miaka ishirini na saba.

Basi mpiga pasi alipeleka malalamiko kwenye baraza la mchezo. Alisema kwamba mapigano ambayo mtu mmoja hapigwi si mapigano, ni mazoezi ya viungo. Hashikiki akajibu hadharani, mbele ya wachezaji mia mbili na kitu:

"Enyi wakazi wa jiji hili, mmemsikia Mama Mvuke. Asiyejua kulenga husema shabaha imesogea. Nampa zamu kumi, Jumamosi hii. Akiniwekea alama moja, ndogo kama chunusi, nitanyamaza. Asipoweka, afute jina lake kwenye daftari la mashujaa, asirudi kwa jina hilo wala kwa uso mwingine."

Mtu mwenye akili timamu angecheka na kuendelea na kola zake. Mpiga pasi akaandika: nimekubali. Miaka sita ya Mama Mvuke aliiweka mezani kwa neno hilo moja, kisha akageukia kola iliyofuata.

Jumamosi ikafika, na saa sita Mwamuzi wa baraza akafungua uwanja. Kaka alikuwa nyumbani kwake, mbele ya rundo la madaftari ya wanafunzi. Dada alikuwa kazini, pasi mkono wa kulia, simu mkono wa kushoto, na mbele yake mlima wa mashati yanayotakiwa kabla ya kufunga. Kando yake alisimama mfuaji wa duka, aliyeitwa Povu kwa sababu zinazoeleweka, ndiye mbeba silaha, mshauri na mtazamaji wa vita.

Zamu ya kwanza Mama Mvuke alifungua mabomba yote ya jiji. Hashikiki akapita katikati ya matone. Ya pili akapasha joto barabara mpaka lami ikawa uji. Mwenzake alikuwa haigusi ardhi, na alishasahau kututajia. Ya tatu akamfuata angani. Ya nne akamtangulia. Ya tano akaliangusha jengo la posta, ghorofa kumi na mbili, na Hashikiki akaandika kwa mistari miwili tu kwamba alikuwa amesimama pale ambapo dirisha lingepita, akapigwa na upepo kidogo, akaupenda.

Nusu ya vita ilikuwa imekwisha na Hashikiki alikuwa hata nywele haijamkaa vibaya. Hapo Povu akatoa ushauri wa kwanza, kwamba dada aandike tu kuwa ngumi imempata jamaa na jamaa amelala, halafu wagombane baadaye. Alipokataliwa akatoa wa pili, wa yeye Povu kujiunga sasa hivi kwa jina la uongo na kumpiga Hashikiki kisogoni.

"Povu, nikijiandikia mimi, hatakuwa amepigwa," dada akasema. "Nitakuwa nimeota tu. Nataka aseme yeye."

"Huyo hatasema, dada. Huyo hata akigongwa na lori atasema limempisha."

Mpiga pasi akarudi kwenye meza yake. Alikuwa na shati la kitani mkononi, kavu kama biskuti, la yule mteja anayeleta nguo baada ya kuzikalia wiki nzima, na makunyanzi yake yalikuwa yameapa kutotoka. Alilikandamiza. Likakataa. Akaongeza moto. Likaanza kutishia kuungua. Ndipo mkono wake, wenye hekima kuliko kichwa, ukafanya ulichokifanya kila siku kwa miaka kumi na moja: ukaacha nguvu, ukachukua chupa, ukalinyunyizia maji, ukalikunja, ukaliweka pembeni litulie. Kitani kikaidi hakishindwi kwa kukandamizwa. Hulainishwa kwanza, kisha kinalala chenyewe.

Akalitazama lile shati kwa muda. Halafu akaitazama simu.

Zamu ya sita, Hashikiki alirusha Mkuki wa Mwanga, silaha ambayo kila mtu huikwepa, maana inakwepeka. Mama Mvuke hakuikwepa. Aliandika:

"Umenipata. Chini ya ubavu wa kushoto, pale ninapowekaga hasira zangu. Nimeanguka juu ya duka la viatu, paa limefunguka, na viatu mia tatu vimeniona nikianguka. Kimoja cha mtoto, cha mguu wa kulia, kimenidondokea kiganjani. Nimekishika. Nitakirudisha nikiweza kusimama."

Povu, aliyekuwa akisomea begani, akafuta jicho kwa kiwiko akidai ni sabuni.

Na uwanja ukalipuka. Makopa yalimiminika kama mbegu za papai. Watu wasioandika kitu tangu mwaka jana walitokea kuuliza kama atasimama. Mmoja alisema amemsomea mama yake kwenye foleni ya benki na foleni nzima ikataka kujua habari za kile kiatu. Mwamuzi mwenyewe, asiyewahi kumtilia mtu kopa, akatia moja. Jibu zuri la Hashikiki, lenye kanuni mbili za mwendokasi, likapata kopa moja, nalo lilikuwa la Hashikiki.

Zamu ya saba akapigwa bega, akaandika bega. Ya nane akapigwa goti, na goti lile likaliliwa kuliko marehemu wengine ninaowajua. Ya tisa alikuwa akitambaa, kiatu kikiwa bado mkononi, na hakurusha silaha yoyote. Alimuuliza tu Hashikiki kama huko juu anakokaa hapana upweke. Hashikiki akajibu kwamba hapana. Lakini alijibu baada ya dakika kumi na tano, na alikuwa mtu wa kujibu baada ya mbili.

Ikabaki zamu moja. Mpiga pasi akakumbuka kwamba akikosea hapa, kesho Mama Mvuke hayupo. Akaandika polepole, kwa kidole gumba kimoja:

"Sina nguvu tena. Nina tone moja la maji ya moto. Nimelirusha. Linakwenda taratibu, na kila mtu analiona. Ukitaka kulikwepa una muda wa kutosha, hata wa kunywa chai. Likikupata, zamu ni yako ya kuandika, na sote tunasoma."

Kisha akasubiri. Kwenye kioo zikatokea zile nukta zinazoonyesha kwamba mwenzio anaandika. Zikatoweka. Zikarudi. Wachezaji mia mbili na kitu wakashika pumzi, na Povu akaishika pasi, maana dada alikuwa ameisahau juu ya mkono wa shati. Nukta zikatoweka tena. Mteja akaingia kuulizia shuka zake, akaonyeshwa benchi, akakaa, na baada ya muda naye akawa anachungulia.

Saa tisa na dakika ishirini na mbili, Bwana Hashikiki aliandika.

"Limenipata."

Na baada ya neno hilo zikafuata aya kumi na moja. Kumi na moja, wapenzi wangu, juu ya kidole kidogo cha mguu wa kushoto! Jinsi ngozi ilivyoshtuka. Jinsi alivyokitazama kidole chake kwa mara ya kwanza katika miaka minne na kutambua kwamba ni chake. Jinsi alivyokaa chini juu ya wingu, akakipuliza. Yalikuwa maandishi mazuri mno, na hakuna aliyekuwa na furaha kuliko mwandishi wake. Makopa arobaini na saba. Mwamuzi akatangaza kwamba alama imewekwa, na kwamba Mama Mvuke habanduki kwenye daftari.

Saa kumi kasoro, kengele ya mlango wa duka ikalia. Akaingia mwalimu wa hesabu kuchukua mashati yake ya wiki. Alikuwa akichechemea, mguu wa kushoto. Povu akaenda haraka nyuma ya mashine, na kutoka huko zikasikika sauti za mtu anayejing'ata kiganja.

Dada akamwekea mashati kwenye meza, yamekunjwa, kola zimesimama. Kaka akayapokea, akafika mlangoni, akasimama pale akiwa ameushika ule mlango, akaongea na barabara.

"Mdogo wangu. Ile siku ya tambara."

"Enhe, kaka."

"Halikuwa jasho."

Akatoka, akavuka barabara akichechemea, safari hii mguu wa kulia.

Basi andikeni, enyi wenye kalamu, na msio nazo mkumbuke kwa kichwa: kwamba Jumamosi ile, baada ya miaka ishirini na saba na zamu kumi, palipigwa pwaa, na aliyepigwa akasema. Mpiga pasi alichukua lile shati la kitani, lililokuwa limetulia pembeni, akalipitishia pasi mara moja tu. Likalala lenyewe.