Sikio la Mdogo Wangu

Jumatatu, 3 Machi

Mashine za masikio zimefika. Mbili, rangi ya chai ya maziwa, ndani ya kiboksi kama cha pete. Mke wangu alinivika mwenyewe, polepole, kama anayetundika pazia. Nilipofika dukani mvua ikaanza. Nikatoka nje kutazama. Jua kali. Kumbe ni saa zangu. Saa thelathini na moja za ukutani, nilizozitengeneza kwa macho tu miaka sita ya uziwi, zote zinadondoka tone tone. Nikakaa kuzisikiliza hadi chai ikapoa. Mteja aliingia, akatoka. Sijui alitaka nini.

Sikio la kushoto linawasha kidogo. Ugeni tu.

Jumanne, 4 Machi

Si ugeni. Linauma kama kuna punje ya mahindi humo ndani na imeanza kuota. La kulia nalo limefuata. Mke wangu kasema turudi kwa mpima masikio, yule dada wa koti jeupe, akatazame. Nikamjibu kwamba kiatu kipya hakizoewi kwa siku moja. Sababu yenyewe sikumwambia. Nakuambia wewe, daftari, kwa kuwa huna mdomo. Kupimwa usikivu nilikwenda mwenyewe. Lakini siku ya kuchukua umbo la sikio sikwenda. Nilisikia wanamimina uji wa baridi sikioni, na unaganda humo humo. Nikamtuma mdogo wangu, fundi viatu. Tumefanana kama shilingi kwa ya pili. Watu humsalimu yeye wakidhani ni mimi. Nani angejua masikio ni kama kufuli, kila moja na ufunguo wake?

Alhamisi, 6 Machi

Mpango. Mkono uliozoea gurudumu dogo kuliko punje ya ulezi hauwezi kushindwa na plastiki. Nikachukua tupa ndogo, nikakipunguza kile kipande cha plastiki kinachoingia sikio la kulia. Kimeingia bila maumivu. Nikajipongeza.

Saa nne asubuhi kikaanza kupiga mluzi. Kila nikitafuna, mluzi. Kila nikigeuza shingo, mluzi. Nimepita mbele ya nyumba ya jirani, mke wake akifagia uani, nikigeuza shingo. Alasiri mume wa nyumba hiyo alikuja dukani kuuliza ni saa ngapi, mkono kiunoni, na saa yake mwenyewe iko mkononi. Inakwenda vizuri. Nimeitengeneza mimi.

Ijumaa, 7 Machi

Mdogo wangu alipita. Akataka kujaribu la kushoto, ambalo sijaligusa kwa tupa. Likamwingia kama mguu kwenye kiatu cha kipimo chake. Akatazama dari, akatabasamu taratibu, akasema anasikia shati langu. Shati. Mimi mwenyewe sijawahi kulisikia.

“Kaka, hili ni langu,” akasema. “Wewe una jina tu hapa.”

Nikamnyang'anya. Akanishauri niende nikaungame kwa mpima masikio kabla sikio halijaoza. Tangu lini mdogo akamfunza mkubwa?

Jumapili, 9 Machi

Masikio yamevimba. Nimevua mashine zote mbili. Nyumba nzima ikazama chini ya maji, nami sikuona ubaya. Mke wangu alipita kama samaki mpole, akaketi dirishani kuchana nywele. Jua la mchana lilimpiga begani. Nikaona midomo yake inacheza. Nikadhani ananiambia kitu, nikasukuma la kushoto haraka.

Alikuwa akiimba. Chini chini, wimbo ule aliokuwa akiuimba nilipokuwa namchumbia. Miaka sita nimeamini ameuacha kwa kuninunia. Hajauacha hata siku moja. Nikasimama pale na kitana kikipanda na kushuka, na machozi yakinitoka. Akauliza nini. Nikasema wimbo. Ulikuwa wimbo, kweli, na sikio pia. Kisha akaona damu kwenye kola.

Nikaungama yote. Akaweka kitana chini.

“Kwa hiyo wiki nzima,” akasema, “nimekuwa nikinong'ona kwenye sikio la shemeji?”

Jumanne, 11 Machi

Kwa mpima masikio. Mke wangu kaketi mlangoni, nisitoroke. Dada wa koti jeupe alimulika, akatazama lile nililolipunguza kwa tupa, akaniuliza kwa upole kama nyumbani pia huwa najing'oa meno. Akanipa dawa na siku saba za kupumzisha masikio.

Jumanne, 18 Machi

Vidonda vimepona. Leo umbo. Uji ule ni wa baridi kweli, lakini ni baridi ya kulaza kichwa kando ya mto. Sauti zote zilikwenda mbali, moja moja, kama wageni wanaoaga. Nusura nisinzie. Walipoutoa nilitamani waniongezee.

Jumatano, 26 Machi

Masikio mapya yamekaa. Sijui hata kama yapo. Asubuhi nimesikia wimbo wote, mwanzo hadi mwisho, nikijifanya nasoma gazeti. Nimesikia gazeti. Nimesikia shati.

Nimesikia pia, neno kwa neno, mke wangu akisema kwamba Jumatatu naenda kutengenezewa meno ya bandia. Inasemekana wanakujaza mdomoni kinyunya, donge kama la unga uliokandwa, uking'ate hadi kigande.

Mchana nilikwenda kwa kinyozi, nikamtazama akitafuna mkate hadi akaniuliza kulikoni. Taya lake na langu, pacha. Nimemwomba Jumatatu asipange shughuli.